Je, Wajua? Senote, Visima Ambavyo Hakuna Mtu Aliyevichimba

Haya, sogea hapa tukae vizuri. Je, wajua kuwa iko nchi ya tambarare, yenye msitu na mvua za kutosha, lakini ukizunguka kaskazini yake yote hutaona mto hata mmoja? Ni rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko. Mito ipo, tena mirefu ajabu, ila yote inapita chini ya nyayo zako!

Sasa utauliza: watu wanakunywa nini? Wanakunywa maji ya mashimoni. Ardhi ya huko imetoboka huku na huku, na ndani ya kila tundu kuna maji safi ya buluu yanayong'aa. Dunia nzima inayaita mashimo hayo senote, na inakadiriwa Yucatán peke yake inayo zaidi ya 6,000.

Je, wajua kuwa neno senote si la Kihispania, ingawa Wahispania ndio waliolisambaza? Ni neno la Wamaya, ts'ono'ot, na maana yake ni shimo la ardhini lenye maji, kisima kilichojichimba chenyewe. Wahispania walifika karne ya 16 wakalikuta. Wakalichukua kwa wenyeji, wakalilainisha, likawa cenote.

Jaribu kulitamka, usione haya. Ile alama baada ya ts inakutaka ubane koo kisha uipasue sauti. Ile iliyo katikati ya o na o inakutaka uikate pumzi ghafla, halafu uendelee. Ukiweza, umetamka neno ambalo lilikuwa likisemwa Yucatán kabla jahazi la kwanza la Wazungu halijaonekana pwani.

Na hii je? Mapadri wa Kihispania walipotaka kuliandika, walikwama kwenye herufi ya kwanza tu, kwa sababu alfabeti yao haikuwa na sauti ya ts' ya kupasua. Unajua walifanya nini? Waliigeuza herufi c ikatazama nyuma, hivi: ɔ! Baadaye wengine wakaandika dz, na ndiyo maana hadi leo ramani za Yucatán zimejaa majina yenye Dz.

Tafuta kwenye ramani kijiji cha Yokdzonot. Jina lake maana yake ni "juu ya senote", na kweli senote iko hapo hapo kijijini. Kuna na Dzonot Carretero, kuna na Dzonot Aké. Watu walijenga pale walipopata maji, kisha wakakiita kijiji kwa jina la maji yao.

Je, wajua kuwa mmoja wa watu wa kwanza kuliandika neno hili ndiye huyo huyo aliyeteketeza vitabu vya Wamaya? Anaitwa Diego de Landa, mtawa wa Kihispania. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, alichoma moto vitabu vyao vya kale, hasara ambayo hakuna wa kuifidia. Miaka michache baadaye, takriban 1566, akaandika habari za nchi yao, na humo akayaeleza mashimo ya maji kwa jina lake la Kimaya.

Maandishi yake nayo yakapotea machoni pa watu kwa karibu miaka 300! Nakala ilipatikana Madrid mwaka 1862, na wataalamu wameitegemea sana katika kusoma maandishi ya Kimaya. Yaani aliyechoma ndiye aliyeacha ufunguo.

Usidhani hii ni lugha ya makumbusho. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu 770,000 wanaozungumza Kimaya cha Yucatán. Wenyewe wanakiita maayat'aan, na wanaposema ts'ono'ot wanasema habari ya maji yao ya leo, si ya mababu tu.

Umeshasikia Chichén Itzá, ule mji wa piramidi? Sasa lichambue jina. Chi' ni mdomo, ch'e'en ni kisima, Itzá ni watu waliokuwa wenyeji wake. Jina zima linasema "kwenye mdomo wa kisima cha Waitzá", na kisima chenyewe ni senote yenye mdomo wa mita 60 hivi.

Hapa tukae kidogo, maana hii ni habari nzito. Mji ule ulikuwa na senote mbili maarufu. Moja, Xtoloc, ilikuwa ya kuteka maji ya kunywa. Ya pili haikuwa ya kunywa hata kidogo: ilikuwa ya kutoa sadaka kwa Chaac, mungu wa mvua. Kutoka uwanja wa piramidi hadi ukingoni mwake ilijengwa barabara maalumu ya mawe, ya mita kama 300, ya aina iliyoitwa sacbé, yaani njia nyeupe.

Simama ukingoni na utazame chini. Kuta zinashuka wima zaidi ya mita 20 kabla hujayafikia maji. Aliyeanguka humo hakuwa na mahali pa kushika.

Je, wajua kuwa yuko aliyetoka humo hai akawa mtawala? Masimulizi ya Wamaya yanamtaja Hunac Ceel. Alijitosa mwenyewe, akaibuka na kutangaza kwamba amewaletea watu ujumbe wa mvua kutoka kwa miungu. Wakamkubali, akawa mkuu wa mji wa Mayapán.

Mwaka 1904 Mmarekani Edward Thompson, aliyekuwa ameshanunua shamba zima lenye magofu yale ndani yake, alianza kuichokora senote ile ya sadaka kwa ndoo kubwa ya chuma iliyoning'inia kwenye winchi. Ikatoka tope. Ikatoka tena tope, siku baada ya siku. Halafu yakaanza kupanda madonge ya ubani wa kopali, kisha jedi, kisha dhahabu, kisha mifupa ya watu!

Hakutosheka kukaa juu. Alijifunza kuzama, akavaa vazi zito la wazamiaji wa zamani lenye kofia ya chuma, akashuka yeye mwenyewe gizani. Masikio yake yaliharibika kwa kazi hiyo.

Sasa sikia dhahabu ile ilitoka wapi. Yucatán haina madini ya dhahabu. Baadhi ya vile vipande vilitengenezwa nchi za kusini, huko zilipo leo Kosta Rika na Panama. Watu walivisafirisha mwendo wa mamia na mamia ya kilomita, na mwishowe wakavitupa majini kwa hiari yao.

Na hawakuvitupa vikiwa vizima. Kengele nyingi ndogo za shaba ziling'olewa ulimi kwanza ili zisilie tena. Jedi nyingi zilivunjwa au kuchomwa moto. Kitu cha mungu kilipaswa kufa kwanza ndipo kipewe mwenyewe.

Vingi vya vitu hivyo vilipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwenye Jumba la Makumbusho la Peabody. Mwaka 1970 jumba hilo lilirudisha Meksiko sehemu ya mali hiyo. Mimi naona safari hiyo ya kurudi nyumbani ilistahili kufanyika mapema zaidi.

Je, wajua kuwa sakafu ya senote hiyo ilikuwa na tabaka la matope ya buluu lenye unene wa zaidi ya mita 4? Buluu hiyo ni rangi waliyoitengeneza Wamaya, nao waliipaka kwenye sadaka zao kabla ya kuzitosa. Fikiria sadaka ngapi zilihitajika hadi rangi ikaoshwa, ikazama na kujaza mita nne!

Siri ya rangi hiyo ilisumbua wanasayansi miaka mingi, maana haichuji kwa jua, kwa mvua, wala kwa tindikali. Ni nili iliyochanganywa na udongo mweupe uitwao paligoskaiti, ikapashwa moto. Mwaka 2008 watafiti waliochunguza bakuli moja lililotolewa senoteni, ambalo liko Chicago, walikuta alama za vitu hivyo pamoja na ubani wa kopali. Huenda rangi ilipikwa hapo hapo ukingoni, sadaka ikisubiri.

Pengine umewahi kusikia kwamba waliotoswa humo walikuwa mabinti warembo. Hadithi hiyo imetembea sana. Wataalamu waliochunguza mifupa iliyotoka majini walikuta wanaume, wanawake, na watoto wengi.

Na hii ni mpya kabisa. Karibu na senote hiyo, mwaka 1967, kiligunduliwa chumba cha chini ya ardhi chenye mabaki ya watoto zaidi ya 100. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya vipimo vya DNA vya 64 kati yao: wote 64 walikuwa wavulana! Na miongoni mwao mlikuwa na jozi mbili za mapacha wa kufanana. Ukikumbuka kwamba masimulizi makuu ya Wamaya yanawahusu mapacha wawili walioshuka kuzimu, mwili unakusisimka.

Umechoka? Bado sana! Mwaka 2015 wanasayansi wa Meksiko walipitisha vipimo vya umeme chini ya ile piramidi maarufu ya Kukulkán. Wakagundua kwamba jengo lote lile limekaa juu ya shimo kubwa la maji. Piramidi imejengwa juu ya senote!

Mwaka 2021 wazamiaji walikuta mtumbwi mzima wa mbao ndani ya senote moja jirani na Chichén Itzá. Una urefu wa mita 1.6 hivi. Mtumbwi mdogo hivyo shimoni ulikuwa wa kazi gani? Inawezekana ulitumika kutekea maji, au kubebea sadaka.

Haya, tugeuke upande wa pili: shimo lenyewe linatokeaje? Yucatán ni bamba kubwa la mawe ya chokaa, yaliyotokana na viumbe wa baharini wa kale. Mvua ikishuka inabeba hewa ya kaboni kutoka angani na kwenye udongo, inakuwa tindikali hafifu, na tindikali hiyo inayayeyusha mawe kidogo kidogo. Pango linatanuka chini, paa linakonda, na siku moja paa linaporomoka. Hiyo ndiyo senote!

Ndiyo maana senote zina sura tofauti. Nyingine bado ni pango lililofunikwa, na maji yake hayajaonja jua. Nyingine zina tundu dogo tu darini, na saa sita mchana mwale mmoja wa jua unashuka wima hadi majini. Nyingine zimefunguka kabisa, ukipita kando unadhani ni ziwa.

Sasa shika benchi. Je, wajua kuwa senote mamia zimejipanga kwenye tao moja kubwa, nusu duara safi, linaloanzia pwani ya magharibi na kuishia pwani ya kaskazini? Hakuna binadamu aliyelipanga. Tao hilo linafuata ukingo wa shimo lililochimbwa na jiwe lililotoka angani miaka milioni 66 iliyopita!

Ndilo jiwe lile lile lililowamaliza dinosaria. Lilikuwa na upana wa kilomita 10 au zaidi. Lilipopiga, liliacha kasoko ya upana wa kilomita 180 hivi, na nusu yake sasa iko chini ya bahari.

Lakini ukienda huko huoni kitu! Kasoko hiyo imefukiwa na chokaa iliyojikusanya juu yake kwa mamilioni ya miaka, unene wa karibu kilomita moja. Jiwe la juu lilipasuka na kudhoofika kufuata ukingo uliozikwa, maji yakapata njia, na mashimo yakatoboka kwa mstari. Senote ndizo zinazokuonyesha juu ya ardhi kilichofichwa chini yake.

Waliolifikia shimo hilo kwanza walikuwa wakitafuta mafuta. Mwaka 1978 Glen Penfield, akifanya kazi ya upimaji kwa ajili ya shirika la mafuta la Meksiko, aliona duara la ajabu kwenye vipimo vya sumaku. Miaka zaidi ya kumi baadaye, mwanasayansi Adriana Ocampo na wenzake wakaliunganisha duara hilo na tao la senote lililoonekana kwenye picha za setilaiti. Kasoko ikapewa jina la mji mdogo wa pwani ulio karibu na kitovu chake: Chicxulub, nalo pia ni neno la Kimaya.

Kwenye ncha mbili za tao hilo, pale linapofika pwani, maji matamu yanabubujika na kuingia baharini. Upande wa magharibi ni Celestún, penye makundi ya flamingo wa waridi.

Turudi chini. Unakumbuka nilikuambia mito ipo? Mwezi Januari 2018 wazamiaji walithibitisha kwamba mapango mawili makubwa ya majini, Sac Actun na Dos Ojos, yameungana. Ukiyajumlisha ni kilomita 347 za njia zilizojaa maji! Jina Sac Actun ni Kimaya, maana yake pango jeupe.

Na hilo si pekee. Jirani yake liko Ox Bel Ha, yaani njia tatu za maji, lenye zaidi ya kilomita 400 zilizopimwa. Kila mita ya hizo imepimwa na mtu aliyeogelea humo gizani akivuta uzi nyuma yake, ili apate njia ya kurudi.

Je, wajua kuwa ndani ya senote za karibu na pwani kuna maji mawili yasiyopatana? Maji matamu ya mvua yanakaa juu, maji ya chumvi ya bahari yanakaa chini. Mzamiaji akipita mpakani mwake macho yanamdanganya: kila kitu kinatetemeka na kufifia, akishuka mita moja zaidi kila kitu kinang'aa tena.

Nenda sasa kwenye senote Angelita, karibu na Tulum. Ukizama kama mita 30 unauona mto chini yako, na kando yake miti iliyokufa imesimama. Mto ndani ya maji! Lile ni wingu la gesi ya salfa linalotokana na majani yaliyooza, limetanda pale pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Wazamiaji wanapita katikati yake, na upande wa pili ni giza tupu.

Ndani ya mapango hayo yaliyojaa maji, darini kumening'inia mawe marefu yaliyochongoka. Shida ni kwamba mawe ya namna hiyo hujijenga kwa matone, na tone haliwezi kudondoka majini. Jibu lake? Zama za barafu bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo, na mapango yote hayo yalikuwa makavu. Watu na wanyama walitembea humo kwa miguu.

Ndiyo, walitembea. Mwaka 2007 wazamiaji watatu waliokuwa wakifuata njia ndefu ya pango waliona sakafu imetoweka ghafla chini yao. Walikuwa wamefika kwenye shimo kubwa walilolipa jina Hoyo Negro, shimo jeusi. Chini yake ilikuwapo mifupa ya wanyama wa kale, na katikati ya mifupa hiyo, fuvu la binadamu.

Alikuwa msichana wa miaka 15 au 16. Wakampa jina Naia. Aliishi kati ya miaka 12,000 na 13,000 iliyopita, akaingia pangoni na kuanguka humo, na mabaki yake ni miongoni mwa mifupa kamili zaidi ya zama hizo iliyopatikana katika Amerika yote. DNA yake, iliyotangazwa mwaka 2014, ilionyesha undugu na wenyeji wa Amerika wa leo. Baada ya miaka yote hiyo, bado ana ndugu walio hai.

Majirani zake shimoni humo walikuwa chui wenye meno kama majambia na jamaa wa tembo waliokwisha kutoweka duniani. Alikuwapo pia slothi mkubwa wa ardhini, aina ambayo sayansi haikuijua kabla. Mwaka 2017 wakampa jina refu la Kimaya: Nohochichak xibalbahkah, kucha kubwa lililokaa Xibalba.

Xibalba ni wapi? Ni kuzimu ya Wamaya, na jina lenyewe maana yake ni mahali pa hofu. Senote na mapango ndiyo yaliyokuwa milango yake. Kwa hiyo waliompa mnyama yule jina hilo hawakutia chumvi, anwani yake ndiyo hiyo.

Je, wajua kuwa kabla ya maji kupanda watu walichimba madini humo? Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wameona ndani ya mapango yaliyofurika mashimo ya machimbo, marundo ya mawe yaliyovunjwa na mabaki ya moto. Wachimbaji walitafuta udongo mwekundu wa kupaka rangi, miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita. Zana walizoziacha bado ziko pale.

Mapango hayo yana wenyeji hadi leo. Wako samaki weupe wasio na macho, maana macho gizani ni mzigo. Yuko na mdudu wa jamii ya kamba na kaa, mwembamba, kipofu, anayeogelea chali. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kwamba ana sumu anayoichoma kwa mawindo yake, wa kwanza wa jamii hiyo kujulikana kuwa na sumu. Anaitwa Xibalbanus. Kuzimu tena!

Na wanakula nini, wakati jua halifiki? Mwaka 2017 utafiti uliofanywa Ox Bel Ha ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao inaanzia kwenye gesi ya methani. Majani ya msituni yanaoza, gesi inashuka na maji, bakteria wanaila, wadudu wanawala bakteria, samaki wanawala wadudu. Gesi imegeuka kitoweo!

Ukipotea msituni Yucatán na una kiu, tafuta ndege anayeitwa toh. Ana rangi ya feruzi, na mkia wenye vijinyoya viwili mwishoni anavyovipunga kulia na kushoto, kulia na kushoto. Anapenda kutaga mayai kwenye kuta za senote, kwa hiyo wenyeji wanajua: alipo toh, maji hayako mbali.

Miti nayo inajua. Kwenye senote Samulá, mti ulioota juu ya paa la pango umeshusha mizizi yake hewani, moja kwa moja, hadi ikayagusa maji chini. Ukiwa unaogelea unaweza kuitazama ikipita mbele ya macho yako kutoka darini.

Je, wajua kuwa ibada ya kuomba mvua bado inafanywa? Inaitwa Ch'a' Cháak. Altare hutengenezwa kwa matawi, chakula cha mahindi huandaliwa, na watoto wa kiume huketi kwenye pembe nne wakilia sauti za vyura, ili mvua isikie. Na maji ya ibada huwa ni suhuy ja', maji yasiyoguswa, yanayotekwa pangoni au kwenye senote iliyofichika.

Na mvua ilipokatika, ilikatika kweli. Jiwe la pangoni lililosomwa kaskazini mwa Yucatán, tabaka kwa tabaka, limeonyesha ukame uliodumu miaka 13 mfululizo katika karne ya 10. Miji mingi ya Wamaya ilikuwa imeanza kuachwa wakati huo.

Mji wa Bolonchén jina lake ni "visima tisa". Visima hivyo vilipokauka, watu walishuka kwenye pango refu lenye ngazi pana ajabu ya magogo yaliyofungwa kwa kamba, wakapanda nayo wakiwa wamebeba maji mgongoni. Msanii Mwingereza Frederick Catherwood aliichora ngazi hiyo, na mchoro ukachapishwa mwaka 1844. Ukiuona hutausahau: binadamu wadogo kama siafu juu ya ngazi isiyo na mwisho!

Katika mji wa Valladolid senote iko katikati ya mitaa. Inaitwa Zací, na hilo ndilo lilikuwa jina la mji wa Wamaya kabla Wahispania hawajajenga mji wao juu yake. Mtu anatoka sokoni, anashuka ngazi, anaingia pangoni kuogelea.

Mjini humo humo iko nyumba ya watawa ya San Bernardino, iliyojengwa karne ya 16 juu ya senote nyingine, Sis-Há, yaani maji baridi. Watawa waliweka gurudumu la kuvutia maji juu ya shimo, wakamwagilia bustani yao. Walijua kuchagua kiwanja!

Maji haya yote yameungana chini, kwa hiyo kinachomwagwa huku kinatokea kule. Wamaya wa mji wa Homún wanalijua hilo vizuri. Palipojengwa kwao banda la nguruwe 49,000, walikwenda mahakamani, na watoto wa mji wakawa miongoni mwa walalamikaji. Mwaka 2018 jaji akaisimamisha shughuli hiyo. Kikundi cha wanakijiji hao kinaitwa Kanan Ts'ono'ot, walinzi wa senote. Umeliona neno letu? Mimi nilipolikuta hapo nilifurahi kupita kiasi.

Neno hilo limevuka hata mipaka ya Wamaya. Kaskazini, jimbo la Tamaulipas, mbali kabisa na nchi yao, liko shimo la Zacatón, nalo watu wanaliita senote. Mwaka 2007 roboti iliyogharimiwa na NASA ilishuka humo na kupima mita 319 za maji. Juu yake vinaelea visiwa vya nyasi, na upepo unavisukuma huku na kule.

Wanaojua Kiswahili walioko Omani huenda wameshaogelea kwenye Hawiyat Najm, lile shimo la maji ya kijani karibu na Bimmah. Wenyeji walisimulia kwamba nyota ilianguka pale. Wanajiolojia wanasema hapana, ni chokaa iliyoyeyuka na paa likaporomoka. Sasa ona: Omani wana hadithi ya nyota bila nyota, na Yucatán nyota ilianguka kweli, na hakuna aliyejua hadi juzi!

Na Unguja? Jiwe la matumbawe lililo chini ya kisiwa ni chokaa pia, na mvua inalila vile vile. Ukishuka pango la Mangapwani utayakuta maji matamu chini, hatua chache tu kutoka bahari ya chumvi.

La mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote. Pwani ya Chetumal, kusini ya rasi hiyo hiyo ya Yucatán, liko shimo la buluu ndani ya ghuba, lililofahamika kwa wavuvi na kufikiwa na wanasayansi mwaka 2021. Linaitwa Taam Ja', Kimaya tena: maji yenye kina. Kwanza walipima mita 274, wakaandika kwamba ni la pili duniani. Halafu Desemba 2023 wakarudi na kifaa bora zaidi, wakakishusha, kikapita 300, kikapita 400, kikafika mita 420, na chini hakijagusa!